Ua la kaktasi yangu linafunga usiku na kufunguka asubuhi, shemeji anashikilia ni gundi

#1 BintiMkomani
Salaam wanajukwaa. Nisaidieni kumaliza ubishi wa nyumbani.

Kabla ya mfungo nilisimama kitalu kimoja barabara ya Mtwapa, kile kinachouza mimea pamoja na kila kikorokoro chenye sura ya kaktasi: mishumaa, vikombe, vidude vya kuchomekea sindano, vyungu vya ngamia, mpaka kandambili. Nikachukua kaktasi ndogo ya mviringo yenye ua la manjano kichwani, imepandwa mgongoni mwa ngamia. Shilingi 650. Niliomba punguzo, muuzaji akaniambia ngamia peke yake ni 400, kwa hivyo mmea nimepewa karibu na bure.

Sasa shemeji yangu, ambaye hakuna asichokijua, kaliangalia ua akasema limebandikwa kwa gundi. Haiwezekani. Ua lenyewe usiku linafunga na mchana linafunguka. Nikiamka alfajiri kuswali nalikuta limejikunja, jua likipanda saa tatu au nne limekunjuka lote. Kitu kilichokufa kitajuaje kwamba kumekucha? Naomba wajuzi mnipe hoja za kumnyamazisha.

#2 KijanaWaKongowea
Shemeji anammezea mate ngamia. Mpe, ubishi utakwisha.

#3 MkulimaMtwapa
Dada, kabla hatujaanza kukisia: ua liko katikati kabisa ya kichwa, au yako kadhaa yamezunguka utosi? Na limekaa muda gani bila kusinyaa? Maua ya hizi kaktasi ndogo ni ya siku chache tu. Likipitisha mwezi, anza kumsikiliza shemeji.

#4 MaalimStaafu
Wanangu, kufunga usiku si ajabu hata kidogo. Kaktasi nyingi za mviringo maua yake hufunguka kukiwa na jua, magharibi ikiingia hufunga, na kesho yake hurudia. Ziko nyingine kinyume chake. Tulikuwa nayo moja nyumbani Kuze, ile ya kutambaa yenye mashina bapa, ua lake jeupe hufungua usiku tu. Harufu inajaa mpaka chumbani, majirani wanabisha hodi kuja kuliangalia, alfajiri limekwisha lala na halifungui tena. Binti, kwangu ushahidi wako unatosha. Kitu hai hicho. Mwambie shemeji atafute shughuli.

#5 FundiStimaLikoni
Sababu ya kisayansi iko. Kaktasi inapumua usiku. Mchana inafunga vitundu vya ngozi ili isipoteze maji, usiku inavifungua kuvuta hewa ya kaboni. Sasa usiku nguvu zote zinakwenda kwenye kupumua, ua linakosa nguvu, linafunga.

#6 MkulimaMtwapa
Fundi, nusu ya kwanza ni kweli kabisa, nusu ya pili umejiungia nyaya mwenyewe. Vitundu viko kwenye ngozi ya shina. Ua halimo kwenye mkataba huo. Kama ingekuwa hivyo, lile ua la Maalim la Kuze lingefunguaje usiku?

#7 FundiStimaLikoni
Lile ni la zamani, lina nguvu.

#8 BintiMkomani
Asanteni. @MkulimaMtwapa, ua liko katikati kabisa, utosini. Na limekuwapo tangu kabla ya mfungo na Idi imeshapita, halijapungua hata ubale mmoja. Petali zake ni kavu kiasi, ukizipitisha kidole zinachakarika. Nimeweka picha ya karibu. Mtaona pale ua linapokutana na mwili kuna kitu kinang'aa, kigumu, hakina rangi. Mimi nadhani ni utomvu.

#9 HawaWaNyali
Shoga, mimi nashona na kupamba maboksi ya harusi, gundi ya bunduki ndiyo mkate wangu. Kuza hiyo picha, tazama upande wa kushoto. Kuna uzi mwembamba mno umetoka kwenye hicho king'aacho ukashika kwenye mwiba wa pili. Uzi ule huachwa na ncha ya bunduki unapoiondoa gundi ikiwa bado ya moto. Utomvu hauvuti uzi ukabaki hewani.

#10 MaalimStaafu
Au ni utando wa buibui. Na msisahau kwamba ziko kaktasi zinazotoa asali karibu na miiba, nje ya ua kabisa, sisimizi wakaifuata. Ikikauka inang'aa vilevile.

#11 KijanaWaKongowea
Dada alambe kidogo atuletee majibu.

#12 WaKitaluni
Salaam. Mimi niko kitaluni upande wa Bamburi, si hicho alichokwenda dada. Nitawaeleza tunavyoona sisi, mkinitukana shauri yenu.

Hizi ndogo nyingi hatuzioteshi hapa. Zinakuja kwa lori kutoka bara, zimepangwa kwenye trei, na zinakuja na maua yake. Sisi hatubandiki. Lakini mteja anapofika macho yanakwenda wapi? Kwenye ua. Isiyo na ua nauza 250 na inakaa mpaka inavunda. Yenye ua, bei mara mbili, haifiki Jumapili. Nimewahi kumwambia mama mmoja wazi, "mama, hilo ua si lake", akanijibu anataka lilo hilo hilo, zawadi ya mwalimu wa mtoto.

Vikorokoro ndivyo vinavyolipa kodi. Kaktasi ya kufuma kwa sufi, isiyotaka maji wala jua, inauzwa kuliko kaktasi yenyewe. Na vyote, angalieni, vyote vina sura moja: nguzo yenye mikono miwili. Taa, kikombe, pete ya funguo. Hiyo ni saguaro ya jangwa la Sonora, Arizona na Meksiko. Hakuna anayeniuzia mche wake. Mikono yenyewe huanza kuota ikiwa na umri wa miaka 50 hadi 75 hivi, sasa nani atasubiri?

#13 TausiBamburi
Nimesoma mpaka hapa nikaona mhusika hajatajwa. Picha ya dada ni ua la mmea uitwao ua la karatasi, asili yake Australia, lile lile linalotiwa kwenye mapambo ya maua makavu. Mnazoziita petali ni vijijani vikavu vilivyolizunguka ua halisi, ambalo ni kile kitufe cha kati. Tishu yake imekwisha kufa, lakini inanywa unyevu. Hewa ikijaa maji upande wa nje wa kila kijijani hutanuka kuliko wa ndani, kinajipinda kuelekea juu, ua linafunga. Hewa ikikauka linarudi. Halihitaji mzizi. Unaweza kulikata, ukaliweka kabatini mwaka mzima, na bado litafanya hivyo hivyo.

Na usiku wetu mnaujua. Shati uliloanika magharibi unalianua asubuhi na ubichi wake.

#14 BintiMkomani
Kwa hiyo linafunga kwa sababu ya unyevu, si giza? Mbona hata siku za mawingu mazito linachelewa kufunguka?

#15 MaalimStaafu
Ndipo hapo! Mawingu ni upungufu wa mwanga. Mmea unafuata mwanga.

#16 TausiBamburi
Maalim, kwa heshima zote, siku ya mawingu mazito Mombasa ni siku ya unyevu pia. Hoja hiyo inakata pande zote mbili.

#17 HawaWaNyali
Nina kisa. Ofisini kwa dada yangu, mjini, kulikuwa na kaktasi ya namna hii juu ya meza, na AC inawaka mchana na usiku kwa sababu ya mitambo. Ua halikuwahi kufunga. Akaileta nyumbani Tudor, dirisha linatazama maji, jioni ile ile likajikunja. AC inakausha hewa. Mimi niko na Tausi.

#18 FundiStimaLikoni
Na taa? Ofisi zenye mitambo taa hazizimwi usiku, mimi ndiye nazifunga. Huko ofisini lilikuwa na mwanga saa 24, nyumbani likapata giza. Hujathibitisha kitu.

#19 KijanaWaKongowea
Fundi leo kapata moto. Wamebaki wawili tu wanaojiamini kwenye uzi huu, yeye na shemeji.

#20 MkulimaMtwapa
Hapa dawa ni kujaribu. Dada, saa saba mchana, jua kali, ua limefunguka lote, lirushie maji kidogo kwa kichupa cha kunyunyizia. Ua tu, usilowanishe mwili. Likifunga juani, mwanga si sababu.

#21 BintiMkomani
Nimefanya leo. Nimenyunyiza, nikaenda kupepeta mchele, kurudi limejikunja nusu. Nilipomaliza kupika lilikuwa limefunga kabisa, na jua liko pale pale dirishani. Shemeji alikuwapo. Sitasema alivyocheka.

#22 MaalimStaafu
Na hata ua la kweli likinyeshewa hufunga, kulinda chavua. Nimeona kwa macho kwenye maua mangapi! Jaribio hili limetuonyesha kwamba ua halipendi maji. Halijatuonyesha kwamba limekufa. Tena, mnasema katikati ya utosi ni dalili ya gundi. Iko kaktasi ya Meksiko, Astrophytum, yenye umbo la nyota, ua lake hutoka pale pale utosini. Manjano vilevile.

#23 MkulimaMtwapa
Ni kweli kuhusu Astrophytum, Maalim, lakini ya dada kwenye picha imejaa vichuchu mwili mzima, na hiyo ni Mammillaria. Zile maua yake hutoka katikati ya vichuchu na kuzunguka kichwa, yakawa taji. Utosini kabisa ndipo inapokulia.

Ndiyo maana gundi ni balaa. Ile ya moto inaunguza ncha ya kukua, na hata isipounguza imefunika. Mmea unapinda, au unaota kichwa cha pembeni. Dada usilivute kwa nguvu, utatoka na ngozi, na kidonda kikiingia maji Mombasa hii kitaoza. Liache. Mmea ukikua, wenyewe utalisukuma. Au kata vijijani kwa mkasi, ubakize kile kigundi.

#24 BintiMkomani
Silikati! Nimelipa kwa ajili ya ua.

#25 WaKitaluni
Mmesikia? Ndiyo biashara ilivyo.

#26 ZuhuraKisauni
Samahani kuchepuka kidogo, nami nina swali la udanganyifu. Niliuziwa ile yenye kichwa chekundu juu na shina la kijani chini. Nyekundu kweli kweli, hakuna kitu chekundu namna ile. Mume wangu anasema imetiwa rangi. Je ni rangi?

#27 FundiStimaLikoni
Imepuliziwa. Kuna za buluu, za zambarau, zingine na vimetameta. Nimeziona.

#28 HawaWaNyali
Mimi nilisikia wanachanganya rangi kwenye maji, mmea unanywa.

#29 WaKitaluni
Za buluu na za vimetameta, ndiyo, ni rangi, na rangi inaziba ngozi isipate mwanga, hazidumu. Lakini hiyo nyekundu ya Zuhura si rangi. Ni mimea miwili. Ya juu ni kaktasi iliyozaliwa bila ukijani, haiwezi kujitengenezea chakula, ingepandwa peke yake ingekufa ikiwa changa. Wakaibebesha juu ya shina la kaktasi nyingine, mara nyingi jamii ya pitaya, hili tunda wanalouza ghali Nyali. Ya chini inapika, ya juu inakula. Wajapani walianza, Wakorea ndio wanaouza kwa wingi duniani. Angalia pale zinapoungana utaona mstari wa kovu.

Haiishi miaka mingi. Ama ya chini inakua haraka ikaitupa ya juu, ama ya juu inaikausha ya chini.

#30 KijanaWaKongowea
Ya juu inakula ya chini inapika. Namjua shemeji wa hivyo.

#31 ZuhuraKisauni
Hahaha. Asante @WaKitaluni. Kovu nimeliona. Mume bado anasema ni rangi, kasugua na pamba yenye spiriti haikutoka, sasa anasema ni rangi nzuri.

#32 SalimMjiKale
Nami niulize. Nina kaktasi kubwa langoni Kisauni, pembe tatu, inafika bati la nyumba. Ni za asili hapa au zililetwa na Wareno?

#33 MaalimStaafu
Kaktasi zote asili yake ni Amerika. Zote, bila kubakiza.

#34 TausiBamburi
Karibu zote, Maalim. Iko moja, Rhipsalis baccifera, inaning'inia juu ya miti ya misitu, mashina membamba ya kijani, vitunda vyeupe vidogo. Inapatikana yenyewe Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Namna ilivyovuka bahari watu wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema ndege walibeba mbegu tumboni, wengine mabaharia.

#35 SalimMjiKale
Ndege kavuka Atlantiki na mbegu tumboni hajajisaidia njiani?

#36 MaalimStaafu
Mabaharia, basi. Walikuwa wanapamba merikebu.

#37 MkulimaMtwapa
@SalimMjiKale, ya kwako yaelekea si kaktasi. Chukua wembe ukwangue kidogo sana, ukiona maziwa meupe yanatoka, hiyo ni jamii ya mnyaa, Euphorbia, ya huku huku Afrika. Na tazama miiba. Kaktasi ya kweli kila kishada cha miiba kinatoka kwenye kidoa kidogo cha manyoya, unaweza kukihisi kwa ncha ya kucha. Kwenye Euphorbia hakuna kidoa, miiba imetoka moja kwa moja, aghalabu miwili miwili.

LAKINI maziwa yale usiyachezee. Ndugu yangu alikuwa anakata ua wa mnyaa shambani, tone likamruka jichoni. Alilia usiku kucha na kwa siku kadhaa akawa haoni vizuri jicho lile. Likikupata ni maji mengi, maji mengi tena, kisha hospitali. Msiwekeane maziwa ya mama wala tui.

#38 SalimMjiKale
Yametoka maziwa. Wallahi miaka yote naiita kaktasi, na posta ya nyumba naielekeza "pale penye kaktasi".

#39 ZuhuraKisauni
Mwaache mnyaa wake. Kwa bibi yangu Kibokoni juu ya mlango palikuwa na shubiri, imening'inizwa kichwa chini, mizizi juu, kwa ajili ya husuda. Haina udongo, haina maji, na inachanua! Je hiyo nayo ni gundi?

#40 TausiBamburi
Maji yamo ndani ya majani, inayatumia polepole. Mwisho inasinyaa lakini inaweza kuvumilia muda mrefu.

#41 MaalimStaafu
Na husuda je, ilizuia?

#42 ZuhuraKisauni
Maalim, ile nyumba ndiyo pekee mtaani haijauzwa. Fanya hesabu mwenyewe.

#43 KijanaWaKongowea
Mimi shubiri naikumbuka kwa jambo moja tu, na nyote mnalijua, msijifanye. Mama kaipaka, mimi nimekuja mbio na kiu yangu. Sijamwamini mtu tangu siku hiyo.

#44 HawaWaNyali
😂😂 Ulikuwa na umri gani mpaka unakumbuka?

#45 KijanaWaKongowea
Tuendelee na kaktasi.

#46 FundiStimaLikoni
Kaktasi pia ndiyo wanayotengenezea tekila. Na ukiweka karibu na kompyuta inanyonya miale.

#47 TausiBamburi
Yote mawili hapana. Miale ya kompyuta haijali kaktasi. Na tekila inatoka kwa mgave wa buluu, ambao si kaktasi. Huo ni ndugu wa katani hizi mnazopita Vipingo mkienda Kilifi. Katani nayo ilitoka Meksiko. Richard Hindorf alileta miche 1,000 Tanganyika kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62. Mashamba yale yote ya Tanga yameanzia hapo.

#48 FundiStimaLikoni
Kwa hiyo Vipingo tunaweza kupika tekila.

#49 MkulimaMtwapa
Si kila ndugu anafaa kurithi, Fundi.

#50 ZuhuraKisauni
Na wadudu waliopelekwa Laikipia kula mpungate, ile kaktasi ya matunda yenye miiba? Nilisoma walitolewa 2014. Nina mpungate uani, nimeona vibonge vyeupe, nimevibonyeza vimetoka wekundu kabisa. Ni hao?

#51 WaKitaluni
Wekundu ukibonyeza, yaelekea ni jamii yao. Kule Laikipia waliletwa makusudi kwa sababu mpungate umeteka malisho, mifugo inakula matunda miiba inawajaa midomoni. Rangi ile nyekundu ndiyo inayotiwa kwenye vyakula na rangi za midomo, wenzetu wa Meksiko wamewafuga wadudu wa jamii hiyo tangu zamani. Wa kaktasi nyingine ukibonyeza hawatoi rangi hiyo. Vyovyote vile, kitambaa na spiriti, na uitenge na zingine.

#52 HawaWaNyali
Rangi za midomo?? Nimeacha kusoma.

#53 BintiMkomani
Jamani tusisahau, kuna tatizo la pili. Tangu juzi kaktasi ya ngamia imelegea upande mmoja, chini karibu na udongo imekuwa ya kahawia. Ni ile gundi?

#54 HawaWaNyali
Ni gundi, imeziba.

#55 MkulimaMtwapa
Gundi iko juu, kuoza kunaanzia chini. Ngamia ana tundu tumboni?

#56 BintiMkomani
Hana. Kuna vijiwe vyeupe juu ya udongo, vimeshikana havitoki.

#57 WaKitaluni
Hivyo navyo vimegandishwa kwa gundi, visimwagike safarini. Sasa huoni udongo, hujui kama umekauka, unamwagia maji juu ya maji na hakuna pa kutokea. Vunja lile ganda la vijiwe. Uitoe, kata iliyooza yote mpaka uone nyama safi isiyo na doa, iache kivulini kidonda kikauke vizuri, halafu ipande upya. Ngamia mtoboe kwa kekee taratibu, au mfanye kifuniko tu, chungu cha plastiki chenye matundu kikae ndani yake.

#58 FundiStimaLikoni
Kekee ninayo. Na ncha ya vigae. Mkomani nafika kesho.

#59 MaalimStaafu
Mimi nadhani ni maji yenyewe. Maji ya visima yetu yana chumvi. Vyungu vyangu vyote vina ganda jeupe ukingoni. Tangu nianze kukinga ya mvua zimetulia.

#60 HawaWaNyali
Au hewa ya pwani. Mimi niko karibu na bahari, kusi likivuma mpaka vioo vinashika chumvi. Mimea ya baraza ya mbele inaungua, ya nyuma ya nyumba mizima.

#61 MkulimaMtwapa
Chumvi itaunguza ncha na kingo. Hii ya dada imeoza kiunoni. Ni maji na chungu. Na udongo: wanazituma kwenye udongo mweusi wa kitaluni unaoshika maji wiki nzima, huko bara ni sawa, hapa hapana. Mimi natia mchanga wa mto, kokoto ndogo na mkaa wa kupondwa, udongo kidogo tu. Mchanga wa ufukweni msijaribu.

#62 TausiBamburi
Wengine wanatia matumbawe ya kupondwa kutoka machimbo. Kwangu kaktasi zilikuwa za manjano manjano, nadhani ile chokaa.

#63 SalimMjiKale
Kwangu zimestawi kwenye matumbawe hayo hayo. Yenye miiba mirefu imezaa mpaka watoto.

#64 MkulimaMtwapa
Yenye miiba mirefu, au nyingine yenye maziwa?

#65 SalimMjiKale
...nitakwangua.

#66 ZuhuraKisauni
Mimi nimeshaamua, nanunua za sufi. Ila msinunue lile toi la kaktasi linalocheza na kurudia maneno. Mavyaa alikuja kututembelea, mume kaniuliza chumbani polepole, "Mama anaondoka lini?" Toi liko juu ya kabati limewashwa, mtoto kaliacha. Tukatoka sebuleni, mtoto kalichukua, likaanza kukatika viuno na sauti ya mume wangu: anaondoka lini, anaondoka lini.

#67 KijanaWaKongowea
Akaondoka lini?

#68 ZuhuraKisauni
Bado yupo. Na toi kalificha yeye.

#69 TausiBamburi
Heri yako. Mwaka 2021 huko Kanada bibi mmoja alimnunulia mjukuu toi kama hilo, likawa linaimba Kipolandi. Bibi mwenyewe alikuwa Mpolandi, akasikiliza, akakuta wimbo ni wa kokeini na matusi. Duka likaliondoa.

#70 HawaWaNyali
La kwetu linaimba Kichina, labda linatutukana pia.

#71 BintiMkomani
Taarifa fupi: Fundi kafika, ngamia katobolewa bila kupasuka, nimekata iliyooza, kichwa kiko juu ya gazeti kinakauka. Ua limo. Usiku linafunga kama kawaida, na huku mmea hauna hata mzizi mmoja.

#72 TausiBamburi
Sasa Maalim?

#73 MaalimStaafu
Shubiri ya Zuhura nayo haikuwa na mzizi udongoni, na ikachanua.

#74 KijanaWaKongowea
Maalim hashindwi. Nafunga duka.

#75 SalimMjiKale
Kabla hamjafunga: @WaKitaluni umesema shina la chini ni jamii ya pitaya. Mimi nina pitaya halisi, imepanda nguzo mpaka juu, inachanua maua makubwa, halafu yote yanadondoka. Tunda hata moja sijaona.

#76 WaKitaluni
Inachanua usiku, na aina nyingine hazijizalishi, zinataka chavua ya pitaya nyingine tofauti. Tafuta kipande cha jirani, au upake kwa brashi.

#77 MkulimaMtwapa
Au maji mengi mno wakati wa maua. Yangu iliacha kudondosha nilipopunguza.

#78 HawaWaNyali
Ya mama ilidondosha mpaka walipoacha kuwasha taa ya uani.

#79 FundiStimaLikoni
Taa naweza kuja kuiangalia.

#80 SalimMjiKale
Nimeelewa, jirani, maji, taa na brashi. Brashi pekee iliyomo nyumbani ni ya mke wangu ya poda. Nimwombe, au niichukue akiwa amelala?

#81 ZuhuraKisauni
Muombe. Na uzime toi kwanza.